Kitenzi "Skriva": Mgeni Aliyepata Uenyeji

Kitenzi skriva cha Kiswidi maana yake ni kuandika. Chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini scribere, ambacho kinahusishwa na maana ya kale ya kukwaruza au kuchanja alama. Kiliingia Skandinavia kupitia lugha za jamii ya Kijerumani, sambamba na Ukristo na alfabeti ya Kirumi. Kutokana na chimbuko hilo hilo, Kijerumani kina schreiben na Kiholanzi kina schrijven.

Hii si kusema kwamba Waswidi hawakujua maandishi hapo awali. Uswidi ina mawe zaidi ya 2,000 yaliyochongwa herufi za runi, mengi yakiwa ya karne ya 11. Kuchonga huko kuliitwa rista. Wino na ngozi vilipoingia, maandishi mapya yalikuja na kitenzi chake, nacho rista kikabaki na maana ya kuchonga.

La kustaajabisha zaidi ni sarufi yake. Vitenzi vingi vya Kiswidi vyenye asili ya Kilatini hutambulika kwa kiishio -era, mathalani studera (kusoma), na wakati uliopita huundwa kwa kiambishi tamati: studerade. Skriva hakifuati njia hiyo. Hubadilisha vokali ya ndani: skriva, skrev, skrivit, sawa na kitenzi asilia bita (kuuma): bita, bet, bitit. Umbo lake halina alama yoyote ya ugeni.

Kiswahili kilifuata mkondo tofauti. Kuandika ni kitenzi cha Kibantu, chenye pia maana ya kupanga, kama katika kuandika meza. Lakini kalamu na karatasi vilitoka Kiarabu. Waswidi walikopa kitendo, Waswahili wakakopa vifaa. Isitoshe, vitenzi vya Kiarabu katika Kiswahili huhifadhi dalili ya asili yao: husemwa haandiki, lakini hajibu. Hata hivyo, jibu hupokea viambishi vya Kibantu bila taabu: amejibu, hajajibiwa.

Wamekuwapo waliodai kuwa Kiswahili ni zao la Kiarabu kwa kuhesabu tu maneno yake ya mkopo. Skriva kinafichua udhaifu wa kipimo hicho. Hakuna anayekiita Kiswidi Kilatini ati kwa kuwa kitenzi chake cha kuandika kina asili ya Roma. Neno ni mali ya lugha inayolitawala kwa sarufi yake.