Ardhi ya Ramisi na Ustawi wa Mkulima

Wataalamu wa maendeleo hupenda kukipima kilimo kwa tani. Hapa Msambweni naona afadhali tukipime kwa mnazi. Mnazi wetu mrefu wa kienyeji huchukua miaka sita au saba kabla ya kuzaa. Je, ni nani atakayeupanda katika ardhi asiyojua kama atakuwa nayo mwakani?

Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, ajira zilitoweka na wakulima waliokiuzia miwa wakakosa soko. Lakini njaa haingoji mwekezaji. Watu waliingia katika mashamba yaliyoachwa, wakalima mihogo na mahindi. Wengine wakathubutu kupanda miti. Mwaka 2007 serikali iliikodisha ardhi hiyo kwa kampuni ya KISCOL ili kilimo cha miwa kifufuliwe, na waliokuwa wakiilima wakaitwa maskwota. (Ajabu ya neno hilo, kuambiwa mtu ambaye wazee wake wamezikwa papo hapo!) Ndipo ilipozuka migogoro iliyofika hadi mahakamani.

Sikipingi kiwanda, mishahara yahitajika. Ninachokipinga ni hesabu isiyomtaja mama mwenye ekari mbili za mihogo. Chakula chake hakipiti katika mizani ya kiwanda, basi hakimo katika takwimu. Wala haimo karo aliyoilipa kwa kuuza nazi. Fidia humlipa kwa kilichokwisha kuota. Haimpi mahali pa kupanda tena. Kabla ya ardhi nyingine yoyote kukodishwa, mipaka ipimwe na wanaoilima wapewe hatimiliki zao.