Wiki Tatu za Kuomboleza Hekalu

Mtu akifiwa, uchungu huanza kwa kishindo. Siku za kwanza hatoki, hata chakula huletewa. Kisha taratibu hurudi kwa watu, mpaka tanga linaanuliwa. Sheria ya Kiyahudi nayo imefuata mkondo huo: siku saba za kukaa nyumbani, siku 30 za kujizuia, na kwa aliyefiwa na mzazi, miezi 12. Lakini kila mwaka, kwa kawaida kati ya Julai na Agosti, Wayahudi huomboleza kwa mpangilio uliopinduliwa. Huanza kwa wepesi na kuishia kwenye uzito.

Msiba wenyewe ni wa Hekalu la Jerusalem. La kwanza liliangamizwa na Wababeli mwaka 586 KK, la pili na Warumi mwaka 70 BK. Mapokeo yanaweka maangamizi yote mawili tarehe 9 ya mwezi wa Av, siku iitwayo Tisha B'Av. Wiki tatu kabla yake, tarehe 17 ya mwezi wa Tamuz, hufungwa saumu ya mchana kukumbuka kuta za mji zilipopenywa na adui.

Tangu siku hiyo Waashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, hawafungi ndoa, hawanyoi nywele, wala hawasikilizi muziki. Mwezi wa Av ukiandama, huacha pia nyama na divai, isipokuwa siku ya Sabato, na nguo hazifuliwi. Wasefaradi wengi, wenye asili ya Hispania na Ureno, hawajibani mapema hivyo: kunyoa na kufua huacha katika wiki ya saumu yenyewe, kama ilivyoagiza Mishna, mkusanyiko wa sheria wa takriban mwaka 200 BK.

Kabla jua halijazama kuamkia Tisha B'Av huliwa mlo wa mwisho. Mtu huketi chini, huchukua mkate na yai la kuchemsha, hugusisha tonge kwenye jivu, akala. Wanaume huepuka kuketi watatu pamoja, kwa kuwa watatu wakila pamoja hupaswa kualikana katika sala ya shukrani. Usiku huu kila mmoja hula kama mpweke. Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya marabi, inasimulia kwamba Rabi Yehuda bar Ilai alikula mkate mkavu kwa chumvi na maji, kama mtu ambaye maiti wake amelazwa mbele yake.

Saumu huchukua takriban saa 25. Hakuna kula, kunywa, kuoga, kujipaka mafuta, kuvaa viatu vya ngozi wala tendo la ndoa. Katika sinagogi taa hupunguzwa, watu hukaa sakafuni na viatu vya raba au vya kitambaa, na kitabu cha Maombolezo husomwa kwa sauti ya huzuni. Watu hawasalimiani. Hata kusoma Torati huzuiwa, kwa sababu kunafurahisha moyo. Huruhusiwa sehemu za majonzi tu, kama Ayubu.

Kwa nini basi ngazi hii imegeuzwa? Rabi Joseph Soloveitchik, aliyefundisha Marekani katika karne ya 20, alilieleza jambo hili vizuri. Aliyefiwa jana hahitaji kufundishwa kulia. Sheria humshika mkono ili imtoe kwenye giza. Aliyefiwa karibu miaka 2,000 iliyopita hana chozi lililo tayari. Hulitafuta hatua kwa hatua: leo anaacha muziki, kesho nyama, mwishowe maji, mpaka msiba wa mababu uwe wake mwenyewe.

Adhuhuri ya Tisha B'Av watu huinuka sakafuni na kukaa vitini, ingawa saumu inaendelea. Katika baadhi ya jamii, alasiri hiyo nyumba husafishwa, kwa imani kwamba Masihi atakuja na sharti amkute mwenyeji yu tayari. Tanga bado halijaanuliwa, lakini ufagio umeshikwa.