Kiwango cha kibarua kikibadilika katikati ya msimu, usifute cha zamani

Msikilizaji wetu mmoja wa upande wa Peramiho, wilaya ya Songea, alitutumia ujumbe baada ya mavuno. Yeye ni katibu wa kikundi kilicholima ekari 5 za mahindi. Siku sanduku la kikundi lilipofunguliwa mbele ya wanachama, fedha zilikuwa pungufu kwa shilingi 56,000 ukilinganisha na hesabu zilizokuwa kwenye simu yake. Mweka hazina akaanza kutazamwa kwa jicho baya, na wapo waliotaka avuliwe kazi siku hiyo hiyo. Katibu akatuuliza: tatizo liko wapi, ikiwa kila saa ya kibarua iliandikwa?

Tulimwomba atusomee hesabu zake moja baada ya nyingine. Kwa ruhusa yake tunazieleza hapa, maana vikundi vingi sasa vinaweka kumbukumbu kwenye simu, katika programu za majedwali kama Excel au Google Sheets, na tego lililomnasa yeye linaweza kumnasa yeyote.

Kikundi chake kinalipa vibarua kwa saa. Desemba, wakati wa kupanda, saa moja ililipwa shilingi 1,000. Januari palizi ikapamba moto, kila shamba likawa linatafuta watu wale wale, na hakuna kibarua aliyekubali chini ya 1,500. Juni, wakati wa kuvuna, bei ikatua kwenye 1,200. Kupanda kulichukua saa 320, palizi saa 400, kuvuna saa 280. Ukizidisha kila kazi kwa bei yake unapata 320,000, kisha 600,000, kisha 336,000. Jumla ni shilingi 1,256,000, na ndizo hasa zilizotoka sandukuni.

Simu ilisema 1,200,000.

Katibu alikuwa ameandika kiwango cha saa mahali pamoja tu, katika chumba kimoja juu ya jedwali, na mistari yote ya kazi ikawa inasoma kutoka hapo. Bei ilipopanda Januari alifuta 1,000 akaandika 1,500. Papo hapo zile saa 320 za kupanda, zilizokwisha kulipwa, nazo zikapigwa kwa 1,500. Mwisho wa palizi simu ilionyesha matumizi ya 1,080,000 wakati zilizotoka ni 920,000, yaani sanduku lilikuwa na shilingi 160,000 zaidi ya ilivyotarajiwa. Hakuna aliyeuliza. Pesa ikizidi huwa hakuna anayeitisha kikao. Juni akafuta tena, akaandika 1,200, na saa zote 1,000 za msimu zikahesabiwa kwa bei hiyo moja. Ndipo zile 56,000 "zilipopotea." Hakuna aliyeiba hata senti.

Dawa yake ni kuacha kufuta. Kila kiwango kiandikwe pamoja na tarehe kilipoanza kutumika, na kipya kikija kiandikwe chini yake, cha zamani kikibaki. Orodha ya kikundi hiki ingekuwa na mistari mitatu tu: 1 Desemba, 1,000, 5 Januari, 1,500, 1 Juni, 1,200. Kazi ya tarehe 20 Desemba inachukua 1,000 hata ukiihesabu Agosti.

Programu kubwa za kupanga kazi, zile zinazotumiwa na makampuni ya ujenzi na miradi mikubwa, zinafanya hivyo hivyo. Microsoft Project, kwa mfano, humpa kila mfanyakazi majedwali matano ya viwango, na kila jedwali lina nafasi ya viwango 25, kila kimoja na tarehe yake ya kuanza. Mkulima wa ekari 5 hahitaji programu hiyo, wazo lake tu linamtosha.

Kwenye simu, fungua ukurasa mmoja uuite Viwango. Safu A weka tarehe ya kuanza, safu B weka kiwango, ukianza na tarehe ya zamani kwenda mpya. Ukurasa wa pili uite Kazi: tarehe, jina, aina ya kazi, saa, kiwango, jumla. Kwenye nafasi ya kiwango ya mstari wa pili andika =VLOOKUP(A2,Viwango!$A$2:$B$20,2,TRUE) kisha uinakili kwenda chini. Fomula hiyo inatafuta tarehe ya mwisho isiyozidi siku ya kazi, kisha inaleta kiwango chake. Tarehe zisipopangwa kwa mfuatano itakuletea majibu ya ajabu, kwa hiyo usiingize mstari katikati ovyo. Kama kupiga dawa kuna bei yake na palizi ina yake, kila kazi iwe na orodha yake. Na mtu akishalipwa, andika tarakimu yenyewe mahali pa fomula, ili hata mtoto akichezea simu malipo yaliyokwisha yasiguswe.

Kuna swali linalozua ugomvi kuliko hesabu yenyewe: tarehe ipi ndiyo inayohesabiwa, ya kufanya kazi au ya kulipa? Sisi tunasema ya kufanya kazi. Aliyepalilia tarehe 3 na 4 Januari akalipwa tarehe 8, baada ya bei mpya kuanza tarehe 5, anastahili bei ya zamani kwa siku hizo mbili, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Mkikubaliana kwamba nyongeza irudi nyuma, msibadilishe mistari ya zamani. Ongezeni mstari mpya wa tofauti. Saa 40 zikiongezewa shilingi 500 kila moja, andika "nyongeza ya nyuma, 20,000," na tarehe mliyokubaliana. Mtu akiuliza baadaye ataona pesa ilitoka lini na kwa nini.

Serikali nayo hubadilisha viwango kwa tarehe. Kima cha chini cha mshahara wa kilimo kilikuwa shilingi 100,000 kwa mwezi katika amri ya 2013, na amri ya 2022 ikakipandisha hadi 140,000 kuanzia 1 Januari 2023. Amri hizi hutolewa upya, hivyo kabla ya kupanga malipo ulizia ofisi ya kazi iliyo karibu nawe ni ipi inayotumika sasa. Kuugeuza mshahara wa mwezi kuwa wa saa kuna njia yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na mwezi unahesabiwa kuwa wiki 4.333, yaani saa 195. Gawanya 140,000 kwa 195 unapata kama shilingi 718 kwa saa; ile 100,000 ya zamani ilikuwa kama 513. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, kwa hiyo nazo zinahitaji mstari wake.

Wengi wetu huku hatulipi kwa saa, tunalipa kwa ngwe. Hapo kibarua awe macho. Ngwe ya shilingi 5,000 inayomalizika kwa saa 4 ni 1,250 kwa saa. Mwenye shamba akirefusha kamba kidogo, ikawa saa 5, malipo yameshuka hadi 1,000 kwa saa na hakuna shilingi iliyotajwa kupungua. Andikeni vipimo vya ngwe kwa hatua, pamoja na bei na tarehe.

Wazee wa Songea waliokwenda umanamba kwenye mkonge wa Tanga wanaijua kumbukumbu ya namna hii. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, kadi ya siku 30, na kila siku ya kazi iliyokamilika iliwekewa alama. Mshahara ulitoka alama zikitimia. Ila kalamu ilikuwa mkononi mwa upande mmoja tu. Siku hizi kibarua mwenye simu anaweza kuipiga picha ile kurasa jioni, kabla hajaondoka shambani, na mwenye shamba mwadilifu hana sababu ya kukataa.

Turudi kwa kikundi chetu. Walivuna magunia 75. Kwa hesabu ya simu, nguvu kazi ya gunia moja ilikuwa shilingi 16,000. Kwa hesabu ya kweli ni karibu 16,750. Mnunuzi anapokuja na bei ya kubana, hizo 750 kwa kila gunia zinaweza kuwa ndizo faida yenyewe. Hata mpango wa msimu ujao ungeharibika. Mwaka huu wameweka safu mbili, moja ya kiwango walichokadiria na nyingine ya kiwango walicholipa kweli, na palizi wameikadiria kwa 1,500 badala ya kujipa moyo kwamba Januari itakuwa kama Desemba.

Katibu alirudi kikaoni na daftari la karatasi, akasoma malipo mstari kwa mstari hadi 1,256,000 ikatimia. Mweka hazina bado anashika ufunguo. Daftari nalo hawajalitupa: wiki ya palizi simu ya katibu ilizimika mara mbili kwa kukosa chaji, na saa za siku hizo zinasomeka humo tu.