Detekta na Mstari Usioonekana Ufukweni

Wengi wetu tunaijua detekta mikononi mwa wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Chunya na Geita. Huko Florida, Marekani, ni chombo cha burudani. Utawakuta wastaafu wamevaa visikilizio, wanatembea pole pole wakipitisha koili juu ya mchanga. Kutumaini kuokota hazina hapo si ndoto tupu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 1715 tufani ilizamisha meli 11 za Kihispania zilizojaa fedha na dhahabu mbele ya pwani hiyo, na hadi leo bahari ikichafuka sarafu hutupwa nchi kavu.

Ugumu uko kwenye sheria, kwa sababu ufukwe ni mmoja lakini wenyewe ni wengi. Pale Canaveral, ambako fukwe ziko chini ya mamlaka ya hifadhi za taifa, kanuni inakataza kutumia detekta na hata kuwa nayo tu. Ukipita nayo iwe imefunguliwa vipande na kufungashwa isiweze kutumika. Vinginevyo unaweza kufungwa hadi miezi sita. Wapo wanaoona huo ni ukali kupita kiasi. Mimi naona kinyume: askari wa hifadhi akisubiri hadi akukute unachimba, atakuta shimo limeshafukiwa na sarafu iko mfukoni.

Toka kwenye eneo hilo, uingie hifadhi za jimbo, na mambo yanabadilika. Nyingi zilizo pwani zinaruhusu detekta, ila katika ukanda mwembamba tu: kuanzia chini ya tuta la mchanga hadi pale maji yanapofika yakijaa. Hapo ndipo ufundi na sheria vinapogongana. Mchanga uliolowa maji ya chumvi unapitisha umeme, kwa hiyo mashine ya bei nafuu ikishushwa karibu na maji hupiga kelele ovyo hata pasipo na chuma. Mwenye mashine hiyo hujikuta anasogea juu, kwenye mchanga mkavu, kuelekea tuta. Na huko juu ndiko kasa wanakotaga, mayai kama mia moja kwa kiota, yakiwa yamefukiwa kina ambacho sepetu ya kawaida inafika bila shida. Viota vingine vimezungushiwa vijiti na utepe. Vingine havina alama yoyote.

Majini ni habari nyingine kabisa. Mabaki ya meli hayaguswi bila kibali, na mwenye kibali naye hutoa hesabu ya kila alichopata. Mwaka 2015 wapiga mbizi wenye mkataba waliopoa sarafu 101 za dhahabu za meli hizo za 1715, wakaripoti 51. Mwaka 2024 wapelelezi walikamata 37 kati ya zile zilizofichwa.

Lakini kwa nini serikali ihangaike na kisarafu kimoja? Jibu ninalolipenda limetoka kwetu. Mwaka 1944 askari wa Australia aliyekuwa kwenye kituo cha rada katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, aliokota sarafu 9 ufukweni. Miaka mingi baadaye ilibainika kwamba 5 kati yake ni za shaba na zimetoka Kilwa. Nyingine ni za Kiholanzi. Namna zilivyofika huko ni fumbo hadi sasa. Bahati ni kwamba askari yule aliweka alama ya X kwenye ramani, na kwa alama hiyo watafiti walirudi kupekua mwaka 2013. Bila X, zingebaki shaba iliyoliwa na chumvi, hazina la kumwambia mtu.

Tofauti nyingine ya sheria iko kwenye umri wa kitu kinacholindwa. Florida huhesabu miaka 50, na sheria ya Marekani ya mwaka 1979 inayolinda mabaki ya kale kwenye ardhi ya serikali kuu huhesabu 100. Kila mwaka vitu vipya vinaingia katika ulinzi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inakata kwa tarehe: kilichotengenezwa kabla ya 1863. Kenya nayo inataja 1895. Ina maana sarafu ya Mjerumani ya mwaka 1890, ikiokotwa Bagamoyo, iko nje ya mstari huo wa 1863, ijapokuwa ina zaidi ya miaka 130. Hapo, nadhani, Florida imetuzidi.