Ufunguo wa Siri Uletwao na Mwanga

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula uliopita shangazi yangu alipigiwa simu na mtu asiyemjua, aliyejidai kuwa karani wa kampuni ya simu. Kwa maneno matamu mtu yule alimfanya ataje namba yake ya siri, na kabla ya magharibi fedha zote alizoziweka kwa ajili ya nauli yangu na mahitaji ya bweni zilikuwa zimekwenda. Nilichelewa kurudi shuleni juma zima. Tangu hapo swali moja limenikaa moyoni: je, watu wawili walio mbalimbali waweza kupeana siri bila mtu wa tatu kuipata? Mwalimu wetu wa Fizikia alinijibu kuwa njia ipo, nayo ni ya mwanga. Nilidhani ananitania.

Kwanza yafaa tujue kwamba kuficha maneno si kazi ngumu. Ugeuze ujumbe wako uwe tarakimu za 0 na 1, kama zifanyavyo kompyuta. Kisha uwe na mstari mwingine wa 0 na 1 wenye urefu ule ule, uliopatikana kwa kurusha shilingi. Jumlisha tarakimu kwa tarakimu, ila 1 na 1 zikikutana andika 0. Utakachopata hakina maana kwa mtu yeyote ila yule mwenye ule mstari wa pili, yaani ufunguo. Mwaka 1949 Mmarekani Claude Shannon alichapisha hesabu za kuthibitisha kuwa siri ya namna hiyo haifumbuliki kamwe, maadamu ufunguo ni wa bahati nasibu, umetumika mara moja tu, na haujulikani kwa mwingine.

Basi taabu iko wapi? Iko katika kuufikisha ufunguo. Nikimpa tarishi, aweza kuunakili usiku akaifunga tena bahasha nami nisijue. Kompyuta nyingi hupeana funguo kwa hesabu zilizo nyepesi kwenda na nzito kurudi, mathalani kuzidisha namba tasa mbili kubwa sana. Lakini mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kuwa kompyuta ya kwanta, ikipata kuundwa kubwa ya kutosha, itarudi njia hiyo upesi. Haijaundwa bado kwa ukubwa huo. Hata hivyo mtu mwenye subira aweza kuzihifadhi barua za leo akangoja siku hiyo.

Sasa tuje kwenye mwanga. Mwanga huja kwa chembe ziitwazo fotoni, na fotoni moja haikatwi nusu. Tena mwanga hutikisika kwa upande fulani: wima, mlalo, au mshazari. Kuna vipande vya plastiki viitwavyo polaroidi ambavyo hupitisha mtikisiko wa upande mmoja tu. Uso wa kikokotoo chako unacho kipande hicho. Ukiutazama kupitia miwani ya polaroidi na kuizungusha polepole, utauona ukiwa mweusi. Katika maabara mwalimu alipanga vipande viwili mbele ya taa, kimoja cha wima na kimoja cha mlalo. Giza tupu. Kisha akatia cha tatu katikati, kimeinama mshazari, na mwanga ukarudi! Darasa zima lilipiga kelele hata Kidato cha Pili wakaja kuchungulia dirishani. Twawezaje kuongeza kizuizi tukapata mwanga zaidi? Sababu ni kwamba kipande kile hakichuji tu, bali humbadili apitaye. Mwanga uliotoka pale umekuwa wa mshazari, wala hauna tena kumbukumbu ya wima wake. Kupima fotoni ni kuibadili, na jambo zima lasimama juu ya hilo.

Tuseme Asha ataka kupeana ufunguo na Bakari. Kwa kila tarakimu Asha hurusha shilingi mara mbili: mara moja kuchagua 0 au 1, na mara ya pili kuchagua mtindo, ama msalaba ama mshazari. Katika msalaba, fotoni ya wima ni 0 na ya mlalo ni 1. Katika mshazari, iliyoinamia kulia ni 0 na iliyoinamia kushoto ni 1. Hupeleka fotoni mojamoja. Bakari hajui mtindo, naye hubahatisha. Akipatia husoma sawasawa; akikosa hupata jibu la bahati nasibu, na fotoni ndiyo imekwisha haribika. Wakisha maliza, huzungumza hadharani, hata kwa simu ya kawaida. Bakari hutaja mitindo aliyotumia, Asha humwambia ni wapi walilingana, lakini tarakimu zenyewe hawazitaji. Zile ambazo mitindo haikulingana, kiasi cha nusu, hutupwa. Zilizobaki ndizo ufunguo.

Na aje mdukizi katikati. Fotoni hawezi kuikata, wala kuinakili, kwa kuwa mwaka 1982 William Wootters na Wojciech Zurek, na Dennis Dieks naye kwa upande wake, walithibitisha kuwa hali ya kwanta isiyojulikana hainakiliki. Akitaka kuijua kila fotoni itambidi aipime, kisha ampelekee Bakari nyingine badala yake. Nusu ya mara atakosea mtindo, na katika hizo, nusu Bakari atapata tarakimu isiyo ya Asha. Nusu ya nusu ni robo. Asha na Bakari hutoa baadhi ya tarakimu, huzilinganisha mbele ya watu, kisha huzitupa. Wakiona robo ni mbovu, ufunguo wote huachwa, na hakuna siri iliyopotea kwa sababu hakuna iliyokwisha andikwa kwao bado.

Mimi sikuamini mpaka tulipojaribu. Jumamosi moja tulikata karata 80 kutoka katika boksi la chaki. Mwenzangu mmoja akawa Asha, mimi Bakari, na wa tatu msimamizi wa kufungua karata na kurusha shilingi kila mtindo ulipokosewa. Mitindo ililingana mara 41, na tarakimu zote 41 zilikuwa sawa. Kisha tukamweka mdukizi, kijana mwerevu kuliko sisi sote katika Hisabati. Mara hii mitindo ililingana mara 43, na tarakimu 11 zikawa mbovu. Alikasirika, akataka turudie. Tukarudia, zikawa 9.

Waliobuni njia hii ni Charles Bennett wa Marekani na Gilles Brassard wa Kanada. Walikutana mwaka 1979 wakiogelea baharini huko San Juan, Puerto Rico, na mwaka 1984 wakaisoma habari yao katika mkutano wa wataalamu huko Bangalore, India. Jaribio la kwanza, mwaka 1989, lilivusha fotoni kiasi cha sentimeta 32 tu, yaani urefu wa rula. Tena vifaa vyao vilitoa sauti tofauti kwa kila upande wa mwanga, hata Brassard akatania baadaye kuwa siri yao ilikuwa salama kwa mdukizi aliye kiziwi.

Utani huo una maana kubwa. Kanuni ya fotoni haidanganyi, lakini mashine huundwa na watu. Mwaka 2010 wataalamu wa Trondheim, Norway, pamoja na wenzao wa Ujerumani, walizipofusha mashine za kupokea fotoni kwa mwanga mkali wa leza, wakaupata ufunguo wote bila kuacha alama. Baadaye ikabuniwa njia isiyohitaji kuiamini mashine ya kupimia.

Umbali nao ni shida. Nyuzi za kioo humeza fotoni, wala huwezi kuziongezea nguvu njiani, kwani huko ni kunakili. Ndiyo maana China ilirusha satelaiti iitwayo Micius mwaka 2016, na mwaka 2017 watu wa Beijing na Vienna wakazungumza kwa funguo zake. Baadaye satelaiti nyingine ndogo iliunganisha China na Stellenbosch, Afrika Kusini, kilometa 12,900. Ila satelaiti yenyewe huzijua funguo, kwa hiyo lazima uiamini.

Tena Asha lazima ajue kwa yakini kuwa anazungumza na Bakari, la sivyo mdukizi atajifanya Bakari toka mwanzo. Hapo ndipo shangazi alipoanguka. Njia ya simu haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mtu wa upande wa pili, na fotoni zisingalimwokoa. Kwa sababu hizi wakuu wa usalama wa mitandao wa Uingereza na Marekani hupendelea hesabu mpya ambazo kompyuta ya kwanta haijulikani kuzivunja, na baadhi yake zilitangazwa rasmi Marekani mwaka 2024. Kwa simu za akina shangazi nakubaliana nao. Kwa siri ya kukaa miaka 50 nisingeliamini hesabu peke yake.

Karata zetu 80 zimo katika kabati la maabara, rafu ya chini. Atakaye kuwa mdukizi aje Jumamosi baada ya usafi, na shilingi yake mkononi.