Mbwa anapokaribia kuzaa: Sanduku la mbao linavyookoa watoto wake

WAKAZI wengi wa Jiji la Dar es Salaam wanaofuga mbwa hufanya hivyo kwa ajili ya ulinzi. Mnyama huyo hufunguliwa usiku baada ya geti kufungwa, hurudishwa bandani alfajiri, na mambo yake mengine hayafuatiliwi sana. Ndiyo maana si ajabu kwa mwenye nyumba kutambua kwamba mbwa wake amezaa pale tu anaposikia vilio vyembamba chini ya gari bovu au nyuma ya tangi la maji.

Siku mbili tatu baadaye, kati ya watoto wanane waliohesabiwa, huonekana watano. Wiki ikiisha wamebaki watatu. Familia husema kwamba walizaliwa dhaifu au mama yao aliwalalia, na habari huishia hapo.

Wataalamu wa mifugo hawaridhiki na maelezo hayo. Vingi kati ya vifo vya aina hiyo huzuilika, tena bila dawa za gharama kubwa. Kinachohitajika ni sanduku la mbao, mahali pakavu na chanzo cha joto, vyote vikiwa tayari wiki mbili kabla ya siku ya kuzaa.

Sababu yake imo katika maumbile. Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa haoni wala hasikii. Macho yake hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, na masikio hufuata muda mfupi baadaye. Lililo zito zaidi ni kwamba katika siku zake za mwanzo hana uwezo wa kutetemeka ili kujipasha joto kama afanyavyo mnyama mkubwa, na mwili wake una mafuta kidogo mno. Joto la mwili la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi, lakini la mtoto wa wiki ya kwanza ni kati ya 35 na 37 tu, na hushuka haraka akitengwa na wenzake.

Joto hilo likiendelea kushuka, mtoto hupoteza nguvu za kunyonya na tumbo lake huacha kusaga maziwa. Hutambaa polepole, hulia bila kukoma, kisha hunyamaza. Mama akijigeuza, wenye nguvu hujisogeza na yeye hubaki alipo. Kwa hiyo mtoto anayekutwa amelaliwa asubuhi mara nyingi alikuwa amekwisha kushindwa na baridi tangu usiku, na mwili wa mama ulikuja kumalizia tu.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuuliza baridi hiyo inatoka wapi katika jiji ambalo watu hulala madirisha yakiwa wazi. Jibu ni kwamba mtoto aliyezaliwa leo anahitaji hewa yenye joto la nyuzi 29 hadi 32 usiku na mchana. Mwezi Julai usiku wa Dar es Salaam hukaribia nyuzi 20, na sakafu ya saruji hunyonya joto la kiumbe kilicholowa maji ya uzazi kwa kasi kubwa. Huko Mbeya na Njombe, ambako usiku wa msimu huo joto hushuka hata chini ya nyuzi 10, hali ni mbaya zaidi.

Hatari ya pili ni kinyume cha hiyo. Banda dogo lililoezekwa kwa bati, lisilo na dari wala kivuli, huwa kama tanuri ifikapo saa saba mchana mwezi Februari. Watoto wasioweza kutoka humo hukaukiwa maji mwilini na kufa kwa joto. Banda la namna hiyo halifai kuwa mahali pa kuzalia hata kama mbwa amelizoea.

Mahali panapofaa ni stoo, gereji au baraza iliyozibwa upande wa upepo, palipo pakavu, penye mwanga hafifu na mbali na njia ya wapita njia na mbwa wengine. Katika nyumba nyingi za Pwani mbwa haingii ndani, kwa sababu za kidini au za mazoea tu, na hakuna haja ya kubadili utaratibu huo. La muhimu ni kwamba mwenye nyumba aweze kufika hapo usiku wa manane bila shida, maana mbwa wengi huzaa saa hizo.

Sanduku lenyewe ni kazi ya nusu siku kwa fundi seremala. Kwa mbwa mkubwa mfano wa German Shepherd, upana wa mita 1.2 hadi 1.5 kila upande unatosha. Kipimo chepesi kukumbuka ni kwamba mama aweze kulala ubavu akiwa amejinyoosha, na ibaki nafasi ya watoto mbele yake. Kuta ziwe na kimo cha sentimita 45 hivi, upande mmoja ukiwa mfupi zaidi ili aingie bila kukwaruza matiti. Plaiwudi inafaa kuliko mbao zenye nyufa, kwa kuwa husafishika kwa urahisi. Rangi si lazima.

Kitu ambacho mafundi wengi hawakijui, na ambacho hakipaswi kukosekana, ni fito ya pembeni. Hii hupigiliwa ndani ya sanduku kuzunguka kuta zote, sentimita 10 au zaidi kidogo kutoka sakafuni, ikiwa imejitokeza sentimita 10 kutoka ukutani. Mama anapojitupa kando ya ukuta, fito humzuia, na mtoto aliyekuwa nyuma yake hubaki katika uwazi ulio chini yake badala ya kubanwa. Mpini wa ufagio au bomba la plastiki la maji hufanya kazi hiyo vizuri.

Sanduku lisikae moja kwa moja juu ya saruji. Liinuliwe kwa matofali, au liwekewe miguu mifupi. Kuinua huku kuna faida nyingine inayofahamika kwa yeyote aliyewahi kuamka na kukuta banda la kuku limevamiwa na siafu. Wadudu hao huweza kuua kundi zima la watoto wa mbwa kwa usiku mmoja, kwani watoto hawawezi kukimbia na mama hawezi kuwabeba wote. Miguu ya sanduku ikisimamishwa ndani ya makopo yenye maji na oili chafu, siafu hawapandi, ila makopo hayo yawe chini kabisa ya sanduku ambako mama hawezi kuyalamba.

Kuhusu matandiko, gazeti lililokwisha kusomwa bado lina kazi. Tabaka nene la magazeti hunyonya maji ya uzazi na hutolewa moja baada ya jingine bila kumsumbua mama. Baada ya kuzaa, juu yake litandikwe blanketi au zulia jepesi lililobanwa pembeni lisikunjamane, kwa sababu watoto wanahitaji kitu cha kukanyagia wanaposukuma kuelekea kwenye titi. Sakafu ya plastiki inayoteleza huwafanya miguu itawanyike. Maranda ya mbao, ambayo wafugaji wa kuku huyapenda, hayafai, kwa kuwa vumbi lake huingia puani na kuganda kwenye kitovu kibichi. Vitambaa vinavyochomoka nyuzi navyo viepukwe, maana uzi mmoja huweza kumnyonga mtoto au kumkata mguu.

Chanzo cha joto kinachopatikana kwa urahisi ni taa nyekundu ya kulelea vifaranga, inayouzwa katika maduka ya pembejeo za mifugo. Ifungwe kwa mnyororo, si kwa kamba inayoweza kuungua, juu ya kona moja tu ya sanduku, ili watoto na mama waweze kujitenga nayo wakitaka. Kipimajoto kiwekwe sakafuni, walipo watoto. Kuanzia wiki ya pili joto hupunguzwa kidogo kidogo hadi kufikia nyuzi 24 hivi katika wiki ya nne.

Aliyewahi kulea vifaranga hahitaji kufundishwa namna ya kusoma dalili. Watoto waliorundikana na kulia wana baridi. Waliotawanyika pembezoni huku wakihema wamezidiwa na joto. Waliolala kando kwa kando, kimya, wakishtuka-shtuka usingizini, wako sawa.

Umeme ukikatika, chupa za plastiki zenye maji ya moto yasiyochemka, zilizofungwa vizuri na kuzungushiwa taulo, hutosha kwa saa chache. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa hata kwa dakika chache. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na huua watoto, mama yao na binadamu anayewaangalia.

Wadudu washughulikiwe kabla ya kuzaa. Viroboto na kupe huweza kummaliza damu mtoto mwenye uzito wa nusu kilo. Lakini hapa kuna kosa linalofanyika mno mijini: kumwogesha mbwa mwenye mimba kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Dawa zenye amitrazi hazipaswi kutumiwa kwa mbwa mwenye mimba, anayenyonyesha, wala kwa watoto. Daktari wa mifugo ndiye wa kuulizwa ni dawa gani inafaa.

Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, hivyo tarehe ya kupandishwa iandikwe. Kuanzia siku ya 58, joto la mama lipimwe asubuhi na jioni kwa kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa, kinachoingizwa kwa uangalifu katika njia ya haja kubwa. Likishuka kufikia nyuzi 37 au chini yake, kwa kawaida watoto wanakuja ndani ya saa 24. Mama atakataa chakula, atahema na kufukua matandiko. Watu wa nyumbani wasimzunguke. Mtu mmoja anayemfahamu anatosha.

Mara nyingi mbwa huzaa bila msaada, akipasua utando, kukata kitovu na kulamba kila mtoto kwa zamu. Akiacha kupasua utando, msaidizi aupasue upesi, afute pua na mdomo, kisha asugue mgongo wa mtoto kwa taulo kavu mpaka alie. Desturi ya zamani ya kumshika mtoto na kumtikisa kichwa chini ili maji yatoke imeachwa kwa kuwa huweza kuumiza ubongo. Kitovu kinachovuja damu hufungwa kwa uzi safi na kupakwa ayodini.

Zipo dalili ambazo hazisubiri asubuhi: mama kusukuma kwa nguvu kwa nusu saa bila mtoto kutoka, kupita kwa zaidi ya saa mbili kati ya mtoto na mtoto ilhali bado wapo tumboni, na uchafu wa kijani kibichi kutoka kabla ya mtoto wa kwanza. Namba ya simu ya daktari iwe imebandikwa ukutani kabla ya siku hiyo. Baada ya kuzaa, mama mwenye watoto wengi anayeanza kutetemeka na kukakamaa misuli huenda amepungukiwa chokaa katika damu. Hiyo nayo ni dharura, na huua.

Kila mtoto anyonye maziwa ya mwanzo ndani ya saa 24, kwa maana ndiyo yanayombebea kinga ya mama. Mtoto aliyepoa asilishwe kwa nguvu. Apashwe joto kwanza, taratibu, kifuani pa mtu au karibu na chupa ya maji, ndipo apewe titi. Maziwa ya ng'ombe si mbadala mzuri, kwani ya mbwa yana protini na mafuta zaidi ya maradufu, na ya ng'ombe huwaharisha.

Mzani wa jikoni hapa una thamani kuliko macho. Watoto wawekewe alama kwa rangi ya kucha, kila mmoja yake, na wapimwe kila siku kwa saa ileile. Anayekua vizuri huongezeka kila siku na hukaribia kuwa maradufu ya uzito wa kuzaliwa baada ya siku 10. Ambaye uzito wake umesimama kwa siku moja huwa anaonekana mzima kabisa kwa macho. Mzani ndio humtaja mapema.

Dawa ya minyoo huanza wiki ya pili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi ya nane, kwa watoto na mama pamoja, kwa sababu minyoo huwafikia watoto tangu tumboni na kupitia maziwa. Minyoo hiyo huweza kuwaingia pia watoto wa binadamu wanaocheza karibu na kinyesi chao, jambo linalotosha kufanya usafi wa sanduku kuwa kazi ya kila siku. Maji yenye klorini kidogo yanatosha, mradi sanduku lisuuzwe na kukauka kabla watoto hawajarudishwa.

Wiki ya tatu au ya nne ukuta mfupi huondolewa, watoto huanza kutoka na kupewa uji laini wenye nyama. Chanjo ya kwanza dhidi ya parvo na distempa hutolewa kati ya wiki ya sita na ya nane, na ya kichaa cha mbwa wakifikisha miezi mitatu. Kabla ya wiki ya nane wasigawiwe kwa jirani wala kuuzwa.

Sanduku, likisafishwa kwa klorini na kuanikwa juani, hutumika tena kwa uzao unaofuata. Isipokuwa pale watoto walipokufa kwa parvo: virusi hivyo hukaa miezi mingi katika mbao na udongo, na ni afadhali plaiwudi hiyo ichomwe moto na mahali pengine patafutwe.