Kadi ya Askari na Wasomaji Wake Wawili

Kitambulisho anachopewa askari wa Marekani, awe ni wa kazi ya kudumu au wa akiba, ni kipande cha plastiki chenye urefu wa milimita 85.6, upana wa milimita 54 kasoro kidogo na unene usiofika milimita moja, nacho huvaliwa shingoni au hutiwa mfukoni pasi na mwenyewe kukitafakari sana. Lakini katika kipande hicho zimekutana elimu mbili zilizozaliwa mbali mbali, moja ikiwa ni sharia ya mataifa juu ya mateka wa vita, na ya pili ikiwa ni hisabati ya siri. Wasomaji wake nao ni wawili. Wa kwanza ni mashine ya langoni na kompyuta ya ofisini, zinazotaka kuyakinisha kwamba aliyeishika kadi ndiye mwenyewe. Wa pili ni askari wa adui, ambaye huenda siku moja akaipokea kadi hiyo kwa mtu aliyekwisha kuinua mikono, akaisoma kwa macho yake mwenyewe, mahali pasipo umeme wala mtambo.

Nitaanza na huyu wa pili, kwa kuwa ndiye aliyetangulia. Mkataba wa Tatu wa Geneva, uliotiwa saini tarehe 12 Agosti 1949, baada ya vita vilivyoziacha familia nyingi mno zisijue waume na wana wao wako wapi, unaiamuru kila serikali, katika kifungu chake cha 17, impe kitambulisho kila mtu wake awezaye kutekwa. Kionyeshe jina la ukoo na majina mengine, cheo, namba ya jeshi na tarehe ya kuzaliwa. Kinaweza kuwa na sahihi au alama za vidole, au vyote viwili. Na kadiri iwezekanavyo ukubwa wake uwe sentimita 6.5 kwa 10. Waliouandika mkataba ule walikuwa watu wa kutenda, hata vipimo hawakuviacha. Lakini sharti lililo zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile lisemalo kwamba mateka ataonyesha kitambulisho chake kila atakapotakiwa, wala hapana hali yoyote ambayo ndani yake ataruhusiwa mtu kumnyang'anya. Bunduki yake itachukuliwa, na hati zake za kijeshi. Fedha zake zitawekwa kwa amri ya afisa na kwa stakabadhi. Kadi itabaki kwake. Na kifungu cha 18 kinaongeza kwamba mateka asikae wakati wowote bila hati ya kumtambulisha, na kama hana, basi serikali iliyomteka ndiyo itakayompa.

Sababu yake haifichiki. Mateka asiyejulikana jina anaweza kuuawa au kufichwa bila mtu kuulizwa habari zake, ilhali aliyeandikwa jina lake, taarifa zake hupelekwa Geneva, na kutoka huko habari humfikia mama yake. Kazi hii ya kuandika majina ilianza kwa ukubwa wake mwaka 1914, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilipowakusanya watu wa kujitolea katika jumba la makumbusho la Rath mjini Geneva, nao wakajaza mamilioni ya kadi za mateka, wakilinganisha orodha zilizotoka kwa serikali na barua zilizotoka kwa jamaa.

Katika kadi ya Marekani yameandikwa maneno yenye maana ya «Kitambulisho cha Mikataba ya Geneva», na pamoja nayo ipo namba ndogo, kuanzia moja hadi tano, ambayo mlinzi wa langoni hana haja nayo hata kidogo. Hiyo ndiyo daraja ya mateka. Daraja ya kwanza ni ya walio chini ya sajenti, ya pili ni ya masajenti na wenzao, ya tatu ni ya maafisa walio chini ya meja, ya nne ni ya tangu meja hadi kanali, na ya tano ni ya majenerali. Kifungu cha 60 kimeweka hata malipo ambayo serikali iliyowateka itawakadimia kila mwezi: faranga 8 za Uswisi kwa daraja ya kwanza, 12 kwa ya pili, 50 kwa ya tatu, 60 kwa ya nne na 75 kwa ya tano. Kwa hiyo koplo, pamoja na jina lake, amebeba mfukoni hesabu ya stahiki yake katika nchi ya adui.

Mbele ya sharia hii, askari wa akiba na wa kudumu hawana tofauti yoyote. Nyumbani kwao mambo hayakuwa hivyo. Kwa miaka mingi kadi ya askari wa kudumu wa Marekani ilikuwa ya kijani, ya mstaafu buluu, na ya askari wa akiba nyekundu, na rangi ile ilimtangulia mwenyewe kila alipofika katika duka la kambi au penye mlango wa hospitali. Mtu wa akiba, ambaye kwa desturi hutoa mwisho wa juma mmoja kila mwezi na majuma mawili kila mwaka kwa mafunzo, angeweza kuitwa vitani na kukabili hatari ile ile ya mwenzake wa kudumu, kisha akarudi na kadi yake nyekundu. Mwaka 1998 Wizara ya Ulinzi ilianza kuwapa askari wa akiba kadi za kijani. Haki ya kutibiwa au ya kununua haikuhitaji tena kuonyeshwa kwa rangi, kwani daftari la wizara, liitwalo DEERS, linahifadhi katika kompyuta habari za kila askari na jamaa zake, na mtu wa akiba akiitwa kazini kwa zaidi ya siku 30 haki zake hubadilika humo daftarini. Naliona hili kuwa jambo la insafu.

Sasa twende kwa msomaji wa kwanza. Tangu miaka ya mwanzo ya karne hii kadi imekuwa na chipu, ambayo kwa nje huonekana kama mraba mdogo wa rangi ya dhahabu. Chipu hii haina betri. Hupata umeme kwa msomaji mwenyewe, kwa kugusana naye, au kwa waya mwembamba uliozungushwa ndani ya plastiki, ambao ukikaribia uga wa sumaku unaopigapiga mara milioni 13.56 kwa sekunde huzaa mkondo wake, kwa kanuni ile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831.

Iliyohifadhiwa ndani ni namba kubwa mno, na siri yake yote imesimama juu ya jambo ambalo mwanafunzi wa shule anaweza kulijaribu. Akipewa namba tasa mbili, 61 na 53, akaambiwa azizidishe, kwa penseli na karatasi atapata 3,233 bila taabu. Lakini akipewa 3,233 peke yake na kuulizwa imezaliwa na namba zipi, itambidi ajaribu 3, kisha 7, kisha 11, kisha 13, akiendelea hivyo mpaka afike 53. Namba ya kadi inaweza kuwa na tarakimu 617, na hapana kompyuta ya leo iwezayo kuirudisha kwa wazazi wake wawili. Njia hii waliitangaza Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman mwaka 1977, ijapokuwa Clifford Cocks wa idara ya usikilizaji ya Uingereza alikuwa ameifikia mwaka 1973, na kazi yake ikafichwa hadi 1997.

Askari anapotaka kufungua kompyuta, huingiza kadi na kuandika namba ya siri yenye tarakimu 6 hadi 8. Akikosea mara tatu, kadi hujifunga yenyewe. Kompyuta hubuni namba ya bahati nasibu na kuipeleka kwenye chipu. Chipu huifanyia hesabu kwa ufunguo wake wa siri, uliotokana na wale wazazi wawili, na kurudisha jibu. Kompyuta hulikagua jibu kwa ufunguo wa wazi, uliojengwa juu ya zao lao, unaojulikana na wote. Mwizi akilinasa jibu hilo njiani halimfai kitu, kwa sababu kesho ataulizwa namba nyingine. Na ufunguo wenyewe wa utambulisho hautoki nje ya chipu kamwe.

Usalama huu wa ndani ulikaa kwa muda karibu na uzembe wa nje. Tarehe 1 Julai 1969 Jeshi la Nchi Kavu liliacha namba zake za kale na kutumia namba ya hifadhi ya jamii, ile ile ambayo Mmarekani huitumia kwa kodi na kwa benki, na namba hiyo ikachapwa juu ya kadi. Mateka aliyelazimika kutaja namba yake alikuwa akimpa adui ufunguo wa maisha yake ya kiraia. Na aliyeipoteza kadi sokoni alimpa mwizi yayo hayo. Mwaka 2011 ndipo wizara ilipoanza kuiondoa namba hiyo kadini, ikaweka mahali pake namba nyingine ya tarakimu 10 isiyofungua mlango wowote wa benki.

Siku hizi funguo zinazotokana na kadi huweza kutiwa ndani ya simu, na wapo wanaouliza plastiki ina haja gani tena. Kwa lango na kompyuta, huenda haina. Lakini simu ni chombo cha mawasiliano, na hapana mtekaji atakayemwachia mateka wake chombo hicho. Na hata akimwachia, betri itakwisha baada ya siku chache, na hapo jina, cheo, namba na tarehe ya kuzaliwa vitakuwa nyuma ya kioo kilichozimika, ilhali Mkataba wa 1949 unadai vionyeshwe kila vitakapotakiwa.